Mchelea Mteja Kununa Hulia Yeye

Haya mdogo wangu, vuta kigoda ukae. Leo habari za wachumba na mawifi, tulizozoea kuzungumza, tuziache zipumzike. Nataka tuzungumze habari ya mikono yako, maana naona wengi wenu mmeingia kwenye kazi ya kumimina resini. Mlianza na hereni na vishikio vya funguo, mkaja kwenye trei za maharusi, na sasa mnatengeneza tuzo: za mfanyakazi bora, za mahafali, za ligi ya mtaa, za mwalimu mkuu anayestaafu. Nafurahi, tena sana. Tuzo iliyotoka mikononi mwa mtu, yenye jina la mshindi na rangi za shule yake, si sawa na lile kombe la plastiki la dukani ambalo wiki hii linaandikwa "Mpira wa Miguu" na wiki ijayo "Kwaya".

Lakini na vilio vyenu navisikia. "Dada, resini yangu imegoma kukauka." "Dada, imeingia mapovu kama soda." "Dada, mikono inaniwasha, usiku silali." "Dada, mteja ameukataa mzigo na hela yangu yote iko humo." Na kila ninayemkalisha chini nikamuuliza taratibu ilikuwaje, naambiwa hadithi ileile: mteja alikuja Jumatano, anataka tuzo kumi na mbili Jumamosi asubuhi, na wewe ukatabasamu ukasema, "Usijali, zitakuwa tayari."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kabla hujafungua hata chupa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe umemchelea mteja kununa. Umeogopa asije akaenda kwa mwingine, asije akasema unaringa. Naelewa. Kodi ya nyumba haisubiri, na biashara ikiwa changa kila mteja unamwona kama ndiye wa mwisho duniani. Hakuna anayekucheka. Ila nataka ujue kwamba karibu kila balaa la resini nitakalokutajia hapa, ukilifuata nyuma nyuma, utalikuta limezaliwa na lile "usijali".

Tuanze na siku, kwa sababu kwenye siku ndiko mnakojidanganya zaidi. Mteja akitaja tarehe ya sherehe, usihesabu kutoka leo kwenda mbele. Shika kalenda, weka kidole kwenye siku ya sherehe, kisha urudi nyuma. Siku moja ya mwisho ni ya kufikisha mzigo, maana wa bodaboda naye ana mambo yake. Siku mbili ni za msasa, kung'arisha na kuandika majina. Resini ya epoksi ya kumimina kwenye kalibu, nyingi huhitaji saa 24 hadi 72 ndipo uitoe, na ugumu wake kamili huja baada ya kama siku saba. Umbo likiwa jipya, sharti kwanza utengeneze kielelezo, ukimwagie silikoni upate kalibu, na silikoni nayo inataka ilale usiku mzima. Umeona? Hakijaharibika kitu na wiki mbili tayari zimekwenda. Tena kalibu moja ikitoa tuzo moja kwa siku, tuzo kumi na mbili ni siku kumi na mbili, labda uwe na kalibu nne. Hesabu hiyo unaiweza vizuri, mdogo wangu. Unachokosa ni uso wa kumwambia mteja jibu lake.

Sasa aliyesema "usijali" Jumatano, ikifika Alhamisi usiku moyo unamwenda mbio. Ndipo shetani anapomnong'oneza: ongeza kidogo hadina, ile dawa ya kugandisha resini, itaganda upesi. Mdogo wangu, hadina si hamira. Unga wa mandazi ukiuzidishia hamira utaumuka mapema. Epoksi ukiizidishia hadina umeiharibu. Chembe za chupa ya A, yaani resini, hufungana na chembe za chupa ya B, yaani hadina, kwa idadi maalumu. Ukizidisha za upande mmoja, zilizokosa za kufungana nazo zitabaki humo humo, na tuzo yako itakuwa laini, inanata, inashika kila alama ya kidole. Haitakauka kesho, haitakauka Krismasi. Na ukipunguza hadina ili ubane matumizi, matokeo ni yaleyale.

Basi soma maandishi ya kwenye chupa, hata kama ni madogo, hata kama fundi mwenzako amekwambia vingine. Ikiandikwa 2 kwa 1 kwa ujazo, pima kwa kikombe chenye mistari. Usiiweke kwenye mizani ukapima 2 kwa 1 ukadhani ni mamoja, kwa sababu hadina mara nyingi ni nyepesi kuliko resini, na kwa uzito uwiano unageuka, pengine ukawa 100 kwa 45. Kiasi cha kuchanganya nacho usikikisie. Kama tuzo yako ni mche wa sentimita 6 kwa 6 na urefu wa 15, ndani yake mnaingia mililita 540, yaani 360 za A na 180 za B. Ongeza kama asilimia kumi ya kile kitakachobaki kwenye vikombe. Umbo likiwa la mapindo mapindo, jaza kalibu maji, yamimine kwenye kipimo, usome. Kisha uifute na kuianika mpaka iwe kavu kabisa, maana tone la maji litakuachia doa jeupe katikati ya jina la mtu.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Koroga polepole dakika tatu hadi tano, ukikwangua pembeni na chini, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili kilicho safi ukoroge tena. Kwenye kuta za kile cha kwanza huwa pamebaki resini ambayo haikukutana na hadina, ndiyo hiyo inayokuachia madoa laini juu ya tuzo ambayo kwingine kote imekauka vizuri. Anayekoroga kwa pupa anaingiza hewa mwenyewe, halafu anashangaa mapovu yametoka wapi. Kama uko Njombe au Makete mwezi wa saba na resini imekuwa nzito, weka chupa ya A ndani ya maji ya vuguvugu kwa muda, imefungwa vizuri, italegea na mapovu yatapanda yenyewe.

Wewe wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, shida yako ni ya upande wa pili. Epoksi inapoganda inatoa joto lake yenyewe, na kila joto la chumba linapopanda nyuzi kumi, muda wa kuifanyia kazi hupungua karibu nusu. Chupa iliyokuahidi dakika 40 inaweza kukupa 20 mchana wa Februari. Na ikiwa nyingi ndani ya kikombe kimoja, joto hilo halina pa kutokea: linapanda, linaiharakisha resini, nayo inazidi kutoa joto, mpaka linapita lile la maji yanayochemka, kikombe kinalegea na moshi unafuka. Mwenye haraka ndiye anayechanganya lita mbili kwa mpigo ili amalize zote usiku mmoja. Changanya kidogo kidogo, fanya kazi alfajiri, na uulize kabla ya kununua: hii ni ya kupaka mezani au ya kumimina kina kirefu? Ile ya kupaka, ukiimimina nene kwa mara moja, itapasuka au itageuka njano. Imimine tabaka kwa tabaka. Na siku kikombe kikianza kufuka moshi, usikikumbatie kukiokoa. Kama bado kinashikika, kitoe nje kwa glavu nene, uimwage resini kwenye trei pana ya bati ipoe. Kama hakishikiki, fungua milango utoke wewe.

Halafu kuna unyevu, na hapa nawaonea huruma wa pwani, maana kalenda imewageuka. Mei Mosi ndiyo siku ya wafanyakazi bora, kila ofisi inataka tuzo, na Mei Mosi inaangukia katikati ya masika. Hewa ikiwa na maji mengi, hadina za epoksi nyingi huungana na unyevu huo, na tuzo inatoka na utando juu yake, unateleza kama imepakwa mafuta. Usihamaki, wala usianze kuisugua kwa msasa, utausambaza tu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke, ndipo uendelee. Mwenye nafasi amimine mchana jua likitoka, afunike kalibu kwa boksi lisiingie vumbi. Ila umesikia nilichosema? "Mwenye nafasi." Aliyeahidi kesho hana siku ya kungoja jua.

Nije kwenye lililonifanya nikuite leo. Mikono.

Najua wengi wenu mnaishi chumba kimoja cha kupanga, na karakana yenu ni kona ile ile palipo na kitanda na jiko la gesi. Si dhambi, ndipo wengi tunapoanzia. Lakini sikiliza. Epoksi ambayo haijaganda, hasa hadina yake, ina tabia ya kuufundisha mwili wako kuichukia. Leo inakugusa, huoni kitu. Mwezi huu unafuta vikombe kwa vidole vitupu kwa sababu glavu zimeisha na mteja anapiga simu, huoni kitu. Halafu siku moja, bila taarifa, vidole vinawasha, ngozi inatoka vipele, inapasuka, macho yanavimba. Hiyo ni aleji, na ikishaingia haitoki. Utakuwa umepona ngozi, lakini ukiigusa tena kidogo tu, hata vumbi la msasa, inarudi. Wako mafundi wazuri walioiacha kazi hii wakiwa bado wanaipenda, kwa sababu mwili umeikataa. Tuzo moja ya Jumamosi haina thamani hiyo.

Kwa hiyo vaa glavu za nitrili, zile za buluu au nyeusi, na ukimaliza uzitupe, usizifue. Resini ikikugusa, ifute kwa karatasi, uoshe kwa sabuni na maji. Usijipanguse na thina wala asetoni, maana vinaifungulia njia ya kuingia ndani zaidi ya ngozi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Mvuke unazuiwa na ile ya mpira yenye vichujio vya kemikali pembeni. Fungua madirisha, panga feni isukume hewa nje isikupulizie usoni. Ukiweza, mimina barazani, kivulini, na usilale na tuzo zinazoganda chumbani, wala usimlaze mtoto humo. Vikombe, vijiko na mizani ya resini viwe vya resini tu. Nimeshasikia wanaorudisha kijiko jikoni kwa sababu "kimeoshwa vizuri". Hapana, mdogo wangu. Na kama vidole vimeshaanza kuwasha, simamisha kazi leo, nenda ukamwone daktari wa ngozi, na umtajie epoksi kwa jina, maana usipoitaja atakutibu fangasi.

Na ile resini ya faiba, ya kutengenezea boti na matangi, inayouzwa kwa bei ya chini? Nayo inamiminika, na wengine mnaifurahia kwa sababu inaganda upesi. Hiyo ni poliesta, harufu yake inapanda kichwani na mvuke wake unashika moto. Usiwashe kiberiti karibu yake kutafuta mapovu. Dawa yake ya kugandishia hutiwa kidogo sana, kama asilimia 1 au 2, na ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo vaa miwani ya kazi. Kama kuna chupa nyingine ya kuharakisha, ile ya kobalti yenye rangi ya zambarau, usithubutu kuichanganya moja kwa moja na hiyo dawa ya kugandishia, kwa maana zikikutana peke yao zinaweza kulipuka. Ukiniuliza mimi, ndani ya nyumba ya kuishi watu isikanyage.

Haya, tumeogopeshana vya kutosha. Tuseme umekubali kazi yenye siku zake. Sasa utaona raha yake. Ndani ya tuzo unaweza kuweka kitu cha kwao mshindi: kipande cha kitenge cha sare ya kikundi chao, punje za kahawa kwa chama cha ushirika cha Moshi, karafuu kwa kazi ya Pemba, rangi mbili za klabu zikipishana. Ila kila kimoja kina masharti yake. Kitenge kikilowa resini rangi huiva na kuwa nzito, na picha iliyochapwa kwa wino inachuja, kwa hiyo paka gundi nyeupe pande zote, ikauke kabisa kwanza. Ua bichi litaoza na kuwa kahawia humo humo. Likaushe wiki kadhaa au ulifukie kwenye zile chembe za kunyonya unyevu. Punje za kahawa na karafuu zinaficha hewa; zimwagie resini kidogo zilowe, zitoe pumzi yao, ndipo umimine iliyobaki.

Kwa kitako, usihangaike kuagiza mbali. Kwa wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, huwa kuna vipande vya mpingo vinavyobaki, na mpingo ni mti mzito hata majini unazama. Tuzo ya resini tupu huwa nyepesi mkononi. Iwekee kitako cha mpingo uone mshindi anavyoipokea kwa mikono miwili. Lakini mpingo una mafuta yake. Usugue kwa msasa wa kukwaruza na uupanguse kwa asetoni, umevaa glavu, muda mfupi kabla ya kuunganisha, la sivyo kitako kitabanduka jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Miti mingine iwe mikavu, uipake kwanza tabaka jembamba la resini kuziba vitundu, maana mti unapumua mapovu.

Kalibu nayo ina visa. Silikoni ziko za aina mbili: ya bati, ambayo ni nafuu na haichagui sana, na ya platini, inayodumu zaidi lakini ina nongwa. Ya platini ikigusa salfa inagoma kuganda, na salfa imo kwenye udongo mwingi wa kufinyangia wa mafuta na kwenye glavu za mpira wa lateksi. Kama kielelezo chako umekifinyanga, jaribu kwanza kijiko kimoja cha silikoni kwenye kipande cha udongo uleule. Kuuliza si ujinga, na kujaribu si kupoteza muda. Kumwaga kilo nzima ikabaki uji, hapo ndipo muda na fedha vimekwenda vyote.

Msasa usiuruke namba. Anza na 220 kama kuna matuta, 400, 600, 800, 1000, mpaka 2000, tena kwa maji, ili vumbi lisiruke ukalivuta. Ukitoka 220 ukarukia 1000 kwa haraka, mikwaruzo itajificha hadi siku ya sherehe, taa za ukumbi zitakapoipiga. Na barakoa ya vumbi vaa hata ukitumia maji.

Sasa majina. Mdogo wangu, hapa nitakuwa mkali. Mtu amefanya kazi miaka thelathini, anaitwa jukwaani, wanawe wamesimama na simu wanampiga picha, halafu kwenye tuzo Mwanaasha ameandikwa Mwanaisha. Unajua anachofanya? Anatabasamu, anashukuru, anafika nyumbani anaigeuzia ukutani. Hatakulaumu, na ndiyo inavyouma. Usiandike jina ulilosikia kwenye simu. Mwambie mteja akuandikie, nawe umrudishie kwa maandishi vilevile utakavyochonga, akujibu "sawa". Bila hiyo "sawa", usiguse. Mali bila daftari hupotea bila habari, na majina ni hivyo hivyo.

Mteja akikuletea picha ya Kombe la Dunia akataka lilelile kwa ligi yake, mkatalie kwa upole. Lile alilibuni Mwitaliano Silvio Gazzaniga, likaanza kutolewa 1974, na umbo lake lina mwenyewe anayelilinda. Mpe wazo lake mwenyewe: uwanja wao, mti wao, jina la mtaa. Na akitaka kombe la kweli lenye tundu, mwambie mapema kwamba si la kunywea. Wachezaji wakishinda huwa hawaulizi, wanajaza soda. Mweleze pia asiliache kwenye dashibodi ya gari juani, kwa sababu epoksi nyingi hulegea joto likifika nyuzi 50 au 60, wala asiliweke dirishani linapopiga jua mwaka mzima, litakuwa njano.

La fedha nitalisema kwa ufupi kwa sababu unalijua, hulifanyi tu. Chukua nusu kabla ya kununua resini. Ndani ya bei weka vikombe, glavu, misasa, nauli, tuzo moja ya ziada endapo nyingine itaharibika, na saa zako. Rafiki anayekwambia "tutaonana mwisho wa mwezi" muonane naye huo mwisho wa mwezi, kazi ianze hapo. Kazi ya mali kauli ina uchungu wa peke yake: unahangaika usiku, unavuta mvuke, na hujui kama utalipwa. Mtu akishalipa nusu, hata kalenda yako anaiheshimu.

Najua sasa hivi yuko mmoja anayenisoma huku ana oda ya Jumamosi na leo ni Jumatano. Amekwisha kusema "usijali". Amekaa anatafuta mahali nitakapomruhusu kuongeza hadina. Sikuruhusu, lakini sikuachi. Piga simu leo. Ukingoja Ijumaa usiku umemnyima mteja nafasi ya kujipanga, na hapo ana haki ya kukasirika. Mwambie hivi: "Tuzo zako nilizipokea kwa siku chache kuliko zinavyohitaji, na sitaki nikupe kitu kitakachonata mikononi mwa wageni wako. Jumamosi nitakuletea vibao vya mbao vyenye majina, washindi wavipokee, na tuzo zenyewe nitakukabidhi tarehe fulani, kitako cha mpingo juu yangu." Kisha nyamaza, umwache apumue.

Usione aibu. Huko Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, madini yalipokuwa adimu, tuzo za filamu za Oscar zilitolewa za plasta iliyopakwa rangi kwa miaka mitatu, na vita vilipokwisha washindi wakaruhusiwa kuzibadilisha na za madini. Hakuna aliyesema hawakushinda. Kama tuzo kubwa namna ile iliweza kungoja, ya Saccos ya mtaani kwenu pia itangoja.

Atanuna? Pengine. Atakwenda kwa mwingine? Wako watakaokwenda, na nusu yao watarudi wakiwa wameshika tuzo inayonata, wanakuuliza wewe kama inatengenezeka. Watakaobaki ndio wateja wako, na hao mwakani watakupigia mwezi wa tatu kwa ajili ya Mei Mosi. Wewe kazi yako leo ni simu moja tu. Haya, acha kunisoma, inuka ukapige.